Je, Seyyida Salme angeweza kukaa kando katika ugomvi wa mwaka 1859?

SWALI
Ndugu wasomaji wa historia ya Unguja, Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alipofariki mwaka 1856, mwanawe Thuwaini alishika Oman na mwanawe Majid akashika Unguja, lakini ndugu yao Barghash, akiungwa mkono na Waarabu wa ukoo wa al-Harthi, aliona kiti cha Unguja kinamstahiki yeye, akaasi mwaka 1859. Salme, dada yao aliyezaliwa mwaka 1844, aliwahi kuishi utotoni nyumbani kwa Majid, Beit al-Watoro, ilhali dada yake kipenzi, Bi Khole, alimfuata Barghash. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alisita sana kabla ya kuingia katika njama ya Barghash. Je, binti wa umri ule angeweza kukataa pande zote mbili?

JIBU LA KWANZA
Naamini angeweza. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki, naye alikuwa na mirathi yake, mashamba na fedha, kwa hiyo hakuwa akila kwa mkono wa kaka yeyote. Angehamia shamba hadi moto uzimike, na hakuna ambaye angemshangaa.

JIBU LA PILI
Ndugu yangu, naomba kutofautiana nawe, kwa sababu mali haikuwa kizuizi chake. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, wakati ambapo wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Barghash alihitaji mtu wa ndani wa kumwandikia barua, na ndiyo maana Salme, aliyekuwa mdogo miongoni mwa wenzake, akawa mwandishi wa njama nzima, zikiwamo barua za kuagiza silaha. Tena, mara tu Bi Khole alipomfunulia siri, angefanya nini? Kumwambia Majid kungemwangamiza dada yake, na kunyamaza kungemsaidia Barghash. Hata huko shamba unakompeleka, angekwenda na siri hiyo moyoni.

JIBU LA TATU
Nakubaliana na aliyetangulia, ila nadhani tunautazama mwaka usiofaa. Uasi ulishindwa katika shamba la Marseilles huko huko Unguja, Waingereza wakimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakuwaadhibu dada zake, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko ushindi wenyewe. Baadaye Majid alipoomba nyumba aliyokuwa akiishi Salme huko Bububu kwa ajili ya balozi wa Uingereza, Salme alikubali, akaenda kuonana naye, na wakapatana. Hapo ndipo alipojaribu kweli kuwa dada wa wote, bila kumwombea mabaya Barghash wala kumkana Khole, na hapo ndipo alipoadhibiwa: Khole alivunja udugu naye, na wafuasi wa Barghash wakamhesabu kuwa amehama kambi. Inaniuma kila ninaposoma sehemu hiyo, maana kosa lake lilikuwa kumwitikia kaka aliyemsamehe. Baada ya kuondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, chuki ilipata sababu nyingine, ya dini, lakini mzizi wake ulikuwa wa zamani. Barghash alitawala kuanzia mwaka 1870, na Salme alipofika bandarini mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, kaka huyo, ambaye Salme aliwahi kumwandikia barua za hatari kwa niaba yake, alikataa kumpokea.