Niko Riga, neno "labi" linanipoteza njia. Naomba ushauri

Dogo wa Tandika:
Habari zenu wakuu. Niko Latvia kimasomo, jioni napeleka chakula kwa baiskeli. Kinachonisumbua ni neno moja tu. Asubuhi watu husalimiana "labrīt", mchana "labdien". Chai nzuri ni "laba tēja". Ukikubali jambo unajibu "labi", yaani sawa. Hapo nikajiona nimeshaiva.

Juzi mteja ananielekeza kwa simu: "Pa labi! Pa labi!" Nami najibu "labi, labi", nimesimama palepale na mvua inaninyea. Akapandisha sauti, nikapandisha yangu. Supu ilifika baridi kama maji ya mtungi. Darasani nako nikakutana na "labība", nikaandika "wema". Mwalimu akapiga mstari mwekundu: ni nafaka! Mwezi ujao nina mtihani wa lugha, ngazi ya A2. Neno hili limetoka wapi, na nilishikeje?

Mzee Kobe:
Hicho ni Kiarabu kijana. Morocco wanaulizana "labas?" na wanajibu "labas". Limevuka bahari hilo.

Mama Nafaka:
Hapana mzee wangu, shikamoo kwanza. La Morocco ni "lā ba's", hakuna ubaya, kama sisi tunavyosema si haba. Yamefanana sura tu. Hili la huko ni la Kibaltiki chenyewe: Kilatvia "labs", Kilithuania "labas", na hata Kiprusi cha kale, lugha iliyokufa karne ya 18, kilikuwa na "labs". Zote maana yake -ema, -zuri. Kilithuania kina pia "lobis", hazina, kwa hiyo inaelekea wema huo ulianzia kwenye mali. Wataalamu wengi hulihusisha na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, "lābha", pato au faida. Umewahi kuona duka la Mhindi lenye maandishi "Shubh Labh" mlangoni? Labh ndiyo hiyo faida. Sasa nafaka kuitwa "labība" inakushangaza nini? Kwa mkulima, ghala likijaa ndiyo heri yenyewe.

Mzee Kobe:
Marahaba. Nimekubali, ila sura zimefanana mno.

Fundi Lugha:
Dogo, "pa labi" ni kulia. Kushoto ni "pa kreisi". Mkono wa kulia wao wanauita "labā roka", ule mkono mwema. Usiwacheke, sisi tunauita wa kulia kwa sababu ndio tunaolia chakula, na wazee wakauita wa kuume. Kila mtu ameusifia kwa njia yake.

Angalia kale kamstari juu ya ā: ni irabu ndefu. "Laba roka" ni mkono mzuri wowote, "labā roka" ni ule mwema, yaani wa kulia. Wewe unayetofautisha kata na kataa hutashindwa. Na mteja akikuelekeza usijibu "labi" peke yake, mrudishie maneno yake: "jā, pa labi". Ukikosea atakusahihisha kabla supu haijapoa.

Wa Kaunas:
Akija huku Lithuania asiende na hayo, atapotea upya. Kulia huku ni "dešinė". "Labas" ni salamu, kama mambo vipi; kwa mwalimu au mtu mzima sema "laba diena". Chai nzuri ni "gera arbata", hakuna anayesema "laba arbata". Halafu kuna "labai", maana yake sana: "labai ačiū", asante sana. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nasikia "labda" kila kona, nikadhani hawa watu hawana uhakika na chochote.

Dogo wa Tandika:
Wakuu, mrejesho. Jana nimerudi mtaa uleule kwa mteja mwingine, bibi mmoja. Akasema "pa labi", nikamrudishia "jā, pa labi", nikakata kona. Nimefika chombo bado kinatoa moshi. Akaniaga "visu labu!", na hilo nimelielewa mwenyewe: kila la heri. Ila katikati alisema "taisni" mara mbili. Nilidhani ananiuliza teksi.

Fundi Lugha:
Moja kwa moja, mkuu. Nenda moja kwa moja. Usije ukalifungulia uzi mwingine.