Nimeugua kiharusi, sasa nirudije kwenye kiti changu cha ukurugenzi?

Mbeba Maono
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanzilishi na mkurugenzi wa shirika dogo lisilo la kiserikali, mkoa mmoja wa kanda ya kati. Tunachimba visima na tuna bweni la wasichana wa sekondari. Mwishoni mwa mwaka jana nilianguka bafuni. Hospitali wakasema kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Namshukuru Mungu, sasa natembea na fimbo na maneno yamerudi, na daktari ameniruhusu kazi nusu siku.

Shida ni ofisini. Mratibu wa miradi anayekaimu amekolea kwenye kiti. Wafanyakazi wamemzoea, mfadhili anamwandikia yeye moja kwa moja. Mimi nikifika napewa kiti, naulizwa hali, basi. Nirudi kwa mkupuo au kidogo kidogo? Na nianzeje kuandaa mrithi bila kuonekana nimekwisha? Matusi hapana, tafadhali.

Jogoo la Shamba
Mkurugenzi wa NGO anaomba ushauri kwetu makapuku? V8 umeipaki wapi mkuu?

Mama wa Watatu
Jogoo, mgonjwa huyo, kuwa na haya.
Pole sana baba. Mama yangu yalimkuta hayohayo. Kilichomwinua ni mazoezi ya viungo. Tulikuwa tunamwekea kunde kwenye ungo, anachambua kwa mkono uleule mbovu, punje moja moja, anatutukana huku anachambua. Leo anasuka ukili. Na dawa za presha usiache hata ukijisikia mzima, wengi wanarudi chini hapo. Unapima presha kila siku?

Mtumishi wa Bwana
Ndugu, Mungu amekupigia kengele, wewe unauliza habari za kiti. Mwalimu aling'atuka 1985 kwa miguu yake mwenyewe, hakusubiri kuanguka bafuni. Pumzika.

Mnyalu Halisi
Mtumishi, simulia yote. Urais aliuacha 1985, uenyekiti wa chama akabaki nao hadi 1990. Hata yeye alitoka mguu mmoja mmoja. Mzee aende bodini kama mshauri, kaimu athibitishwe, mchezo umeisha.

Afisa Utumishi Mstaafu
Mleta mada, tuanze na karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Wewe umelala tangu mwaka jana. Ulilipwaje? Na huyo kaimu ana barua ya bodi ya kumkaimisha, au alijikuta tu anakaimu?

Mbeba Maono
Nililipwa kamili, shirika nimelianzisha mimi. Barua ya kaimu haikuandikwa, mambo yalikuja ghafla.

Mpiga Hesabu
Nimekuwa mhasibu wa mashirika kama hayo. Swali langu dogo tu: mkono wa kulia ulipooza, kaimu hana barua, na visima vimeendelea kuchimbwa. Hundi alikuwa anasaini nani?

Mbeba Maono
Tusitoke nje ya mada.

Mpiga Hesabu
Mada ndiyo hiyo.

Mbeba Maono
Sawa, niseme. Nilikuwa na desturi ya kuacha majani ya hundi yaliyosainiwa kabla ya safari za vijijini. Hayo yalitusogeza. Yalipoisha, nilijikongoja benki mwenyewe. Karani alichukua hundi, akaigeuza, akaiweka kando ya kadi yenye sampuli ya saini yangu, akamwita mwenzake. Saini haifanani. Nimesimama pale na fimbo, watu foleni nzima wananitazama. Basi kijana wangu anaijua saini yangu, akawa ananisaidia. Kwa ridhaa yangu! Hakuna hata shilingi iliyopotea.

Na ndiye niliyemfikiria awe naibu mkurugenzi. Barua ya kumpendekeza imeshachapwa, mwenyekiti wa bodi nimemdokeza. Msiseme undugu. Kijana ana shahada ya maendeleo ya jamii, amekulia kwenye shirika, anakijua kila kisima na mwenyekiti wa kila kijiji, ni mwaminifu na mchapakazi.

Mama wa Watatu
Yesu na Maria.

Mpiga Hesabu
Mzee, ridhaa yako haiigeuzi saini ya mtu mwingine ikawa yako. Mkaguzi wa hesabu atakapopanga hundi za mwaka mzima mezani ataona mikono miwili. Na bila hesabu zilizokaguliwa, taarifa ya mwaka unampelekea nini Msajili wa NGO? Kaimu anajua?

Mbeba Maono
Nadhani anahisi. Ndiyo maana namtaka mtu wangu pale kabla hajasema.

Namba Tasa
Wakuu mmeliwa. ID ina wiki moja. Mkono umepooza lakini aya zimenyooka, nukta na mkato kila kimoja mahali pake. Hii chai, tena ya tangawizi.

Jogoo la Shamba
Au ndiye kaimu mwenyewe, anakusanya ushahidi wa kumng'oa bosi 😂

Mbeba Maono
Si chai. Mimi nasema, kijana wangu anachapa.

Mpiga Hesabu
Kijana yupi? Huyuhuyu wa saini?

Jogoo la Shamba
Ndiyo maana sifa za kijana zilitiririka vile! Mchapakazi kweli, anachapa hadi uzi. Kwa hiyo hapa tunamshauri mzee au mrithi?

Mnyalu Halisi
Nimerudi juu kusoma upya. "Kwa ridhaa yangu!" yenye alama ya mshangao. Hiyo haikuandikwa na baba.

Afisa Utumishi Mstaafu
Awe baba, awe mwana, awe kaimu. Bodi iitwe wiki hii. Kaimu apewe barua na kikomo cha muda. Muhtasari wa kikao uende benki, watia saini wabadilishwe, asiwepo ndugu kati yao. Naibu atangazwe, kijana aombe kama wengine. Viongozi wakibadilika, Msajili ajulishwe. Hundi zile bodi iambiwe na mzee mwenyewe, mdomoni mwake.

Mama wa Watatu
Na presha hujanijibu.

Mbeba Maono
kijana katoka. naandka mwenyewe kwa kushoto.presha 150 kwa 95 asubuh. mwenyekit nimempigia, kikao jumamos. kuhus hundi ntasema.barua ya kijana sijaifuta bado,ni mwanangu

Namba Tasa
Makosa ya kuandika nayo yanatengenezwa, mkuu.