Tupeane uzoefu: mtoto mwenye kipaji cha mpira, ulimtambuaje na mlifika naye wapi?

Kocha wa Manyatta, Kisumu

Wadau, habari za jioni. Nafundisha watoto mpira hapa Manyatta tangu 2011, jioni tatu kwa wiki, kwa kujitolea. Naomba tusimuliane kuhusu watoto waliopita mikononi mwetu, waliofika mbali na waliopotea. Naanza na mmoja niliyempoteza mimi mwenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa nachagua timu ya chini ya miaka 14. Alikuja kijana wa miaka 13, jezi inamfika magotini. Mpira ukimfikia alikuwa ameshajua unakwenda wapi; pasi moja, watu watatu wameachwa. Lakini akisukumwa bega tu, chini. Nikamwacha. Nafasi yake nikampa mwenzake aliyekwisha kuvunja sauti, mwenye kifua, kwa sababu mashindano yalikuwa baada ya wiki tatu na nilitaka kombe. Kombe tulilipata. Yule wa kifua alipofika miaka 17 wenzake walikuwa wamemfikia kimo, na kumbe nguvu ndiyo iliyokuwa mpira wake wote. Yule mdogo nilikutana naye Kondele mwaka 2021, yuko juu ya bodaboda, amenipita urefu. Nikamuuliza kama bado anacheza. Akanijibu kwa heshima: "Kocha, si ulisema mimi ni mdogo?"

Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kwenye miaka 13 na 14, wengine mapema, wengine wanachelewa kabisa. Kwa hiyo watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuwa na miili iliyopishana miaka. Siku hizi siku moja ya wiki nawapanga kwa kimo na uzito, si kwa umri, ili mdogo apate kugusa mpira na yule mkubwa ajifunze kutumia akili mbele ya wakubwa wenzake. Pia naandika tarehe za kuzaliwa. Ukifungua daftari langu la zamani, wengi niliowachagua walizaliwa mwanzoni mwa mwaka. Wa Novemba na Desemba nilikuwa nawaita wazembe, kumbe walikuwa wadogo kwa miezi kumi.

Mwalimu wa Michezo, Kakamega

Kocha, pole, na asante kwa kusema. Hakuna kocha hapa asiye na mtoto kama huyo.

Huku kwetu njia kubwa ni shule. Ukitaja Green Commandos, hata mama muuza mboga sokoni anajua ni timu ya mpira ya Kakamega School. Mtoto wa mkulima wa miwa anasomeshwa kwa kipaji cha miguu yake, na hilo nalishukuru. Shida ni kwamba mpira wa shule unachezwa muhula mmoja tu. Timu ikitolewa kwenye kaunti ndogo, mtoto amecheza mechi nne au tano, na mwaka wake umeisha. Ndiyo maana nawasihi vijana wangu wawe na timu ya kijijini wakati wa likizo, na kocha wa kijijini namjua kwa simu.

Kuhusu kutambua: mimi siangalii mpira, naangalia shingo. Yuko mtoto anayegeuza kichwa kutazama nyuma mara mbili tatu kabla pasi haijamfikia. Huyo simwachi, hata kama kanzu (kumpitishia mtu mpira juu ya kichwa) na tobo (kumpitishia katikati ya miguu) hazijui. Pia namtazama sekunde tano baada ya kupokonywa mpira. Anashika kiuno, au anaufuata?

Nilikuwa na beki aliyechelewa mazoezini kila siku. Nilitaka kumfukuza. Kabla ya kufanya hivyo nikaenda kwao, nikakuta yeye ndiye anayekamua ng'ombe na kupeleka maziwa kituoni, kwa kuwa baba yake anaumwa mgongo. Nilisogeza mazoezi nusu saa, basi. Leo anacheza ligi ya daraja la pili la taifa na dada zake wanasoma. Nusu saa tu, ndugu zangu. Nendeni nyumbani kwa watoto.

Mama Winga, Vihiga

Hamjambo. Mimi si kocha, ni mzazi. Binti yangu ana miaka 14, anacheza winga ya kushoto. Nilipokuwa msichana, mpira kwetu ulikuwa wa kaka zangu. Lakini tumeona Vihiga Queens wakitoka hapa hapa wakacheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake ilipoanzishwa mwaka 2021 kule Misri. Halafu 2024 Junior Starlets, timu yetu ya taifa ya wasichana, wakaenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA. Walipoifunga Meksiko 2-1 binti yangu alilia, nami nikalia naye.

Ninalotaka kuwaambia makocha ni hili. Mwaka jana timu moja ilitaka kumpeleka kambini siku nne. Nikauliza maswali matatu: watalala wapi, ni mwanamke gani atakayelala nao, na akipata hedhi atamwendea nani? Niliambiwa nina wasiwasi mwingi. Sikumtoa. Timu ya pili ilipokuja, kocha alileta mama wa timu mpaka sebuleni kwangu, tukanywa chai, akanipa namba yake. Alienda. Baba yake alikuwa bado anakataa, lakini alipomwona yule mama akiandika jina la mtoto na la zahanati iliyo karibu, alinyamaza.

Wasichana wengi wanaachia njiani hapo, kwenye miaka 13 hadi 15, na watu husema hawana moyo. Moyo wanao. Wanakosa sodo, sidiria ya michezo, na mtu mzima wa kike pale uwanjani. Wangu anacheza na njumu zilizoshonwa na fundi mara mbili.

Namba Sita, Nakuru

Hapa Nakuru vipaji si habari ya jana. Nakuru AllStars ndio waliochukua ligi ya kwanza ya taifa, 1963. Wazee wanatusimulia mpaka leo.

Mimi nilicheza kiungo mkabaji. Nikiwa na miaka 16 alikuja mtu aliyejiita wakala, akamwambia mama kuna majaribio Ulaya, alete shilingi 60,000 za karatasi za safari. Mama aliuza ng'ombe. Akaongeza kwamba cheti changu cha kuzaliwa kipunguzwe miaka miwili, "ndivyo wote wanavyofanya". Tulikataa la cheti, lakini pesa alikuwa ameshazila. Simu haikupatikana tena. Nilichoumia si Ulaya. Niliumia kumwona mama akinunua maziwa.

Wazazi, shikeni haya. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, mfano wazazi wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Wakala wa kweli ana leseni, na mtoto hamgusi bila kibali cha mzazi kwa maandishi. Akidai pesa kwanza, mfungulieni mlango atoke. Na umri msiuguse. Tangu 2009 wavulana kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 hupigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono kuangalia mifupa iliyokomaa. Isitoshe, kila mkubwa anayeingizwa kwa cheti bandia anakalia kiti cha yule mdogo wa Kocha wa Manyatta.

Mchua Misuli, Kisumu

Nachomeka dogo. Mtoto anayerefuka akilalamika maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya kofia ya goti, msimwite mvivu. Mara nyingi ni Osgood-Schlatter: kano inavuta mfupa ambao bado unakua. Punguzeni mbio na kuruka, mpumzisheni, barafu inasaidia, na kwa wengi huisha wakimaliza kukua. Nimeona vijana wazuri wakilazimishwa kucheza na goti hilo hadi wakauchukia mpira. Likivimba goti lote, au akiumwa hata usiku, apelekwe hospitali.

Katibu, Bungoma

Nami niseme la makaratasi, maana hapo ndipo timu zetu ndogo zinaibiwa mchana. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomfundisha tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Akiuzwa dola milioni moja, ule mwaka uliomfundisha akiwa na 13 ni dola 2,500. Kwa timu ya mtaani hizo ni mipira, nyavu na nauli ya msimu mzima.

Lakini pesa hizo hufuata usajili. Kama timu yako haijasajiliwa na shirikisho na mtoto hayumo kwenye rekodi, umefundisha bure. Sisi tulimlea mmoja miaka minne bila kumsajili hata siku moja. Alipouzwa, hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Sasa kila mtoto ana faili: nakala ya cheti, picha, sahihi ya mzazi, msimu aliocheza.

Kocha, yule wa Kondele ulimwacha hapo hapo barabarani?

Kocha wa Manyatta, Kisumu

Hapana, Katibu. Nilirudi wiki iliyofuata nikamwomba msamaha. Alisema hana kinyongo, lakini pikipiki ni ya mtu na jioni ndiyo saa ya hesabu, mazoezi hayawezi. Mwezi uliopita alimleta mdogo wake, miaka 12, jezi magotini vilevile. Nimemsajili, na faili nitafungua kesho kama ulivyoeleza.

Mama Winga, binti anavaa namba ngapi? Nina njumu za 38, zimevaliwa msimu mmoja tu. Nitazipakia kwenye matatu ya Chavakali.

Mama Winga, Vihiga

Anavaa 37, kocha, lakini mguu bado unakua. Zitume tu, atavaa na soksi mbili.