Mjadala: Je, zoezi la kila wiki la uchambuzi wa namba lihesabiwe alama?

Mkazi wa Chumbageni:
Ndugu zangu, naleta jambo linalogusa nyumba nyingi hapa Tanga. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa shahada, na semesta hii anasoma uchambuzi wa namba, yaani somo la kutafuta majibu ya makadirio kwa milinganyo isiyotatulika kwa kanuni ya moja kwa moja. Mhadhiri ametangaza kwamba kila Ijumaa litatoka zoezi la maswali sita, matatu ya kukokotoa kwa mkono na matatu ya kuandikia programu, lirudishwe Alhamisi saa nne asubuhi, na kwamba mazoezi hayo yatabeba alama 20 kati ya 40 za kazi za semesta. Ameongeza kwamba kila saa moja ya mhadhara inadai saa tatu za kujisomea, nayo mihadhara ni saa tatu kwa wiki. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, mhadhara ukiwemo. Kozi hii ina krediti 12, kwa hiyo ni saa 120, na ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa nane kwa wiki, si kumi na mbili. Je, ni haki zoezi la nyumbani lihesabiwe alama, na saa hizo za ziada zitoke wapi?

Mwalimu mstaafu, Raskazone:
Somo hili halisomwi kwa macho. Mwanafunzi anaweza kumtazama mhadhiri akitafuta kipeuo cha pili cha 2 ubaoni, akaona 1, kisha 1.5, kisha 1.4167, kisha 1.4142, akaitikia kwa kichwa na kwenda zake akiamini ameelewa. Siku atakapoanza na kadirio baya kwenye mlinganyo mwingine, akaziona namba zikiruka huku na huku badala ya kutulia, ndipo atajua kwamba hakuelewa, na siku hiyo ni heri imkute nyumbani kuliko kwenye chumba cha mtihani. Alama zihesabiwe, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kufundisha, zoezi lisilo na alama halikuwahi kurudi kwa wingi wa kuridhisha. Na niseme wazi jambo jingine: vijana wengi sasa wamegawanyika baina ya chuo na biashara. Anayetaka kupima iliki sokoni akapime iliki, na anayetaka hisabati akae na hisabati, maana mshika mawili moja humponyoka.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Shikamoo, mwalimu. Ninalisoma somo hilo hilo, nami ndiye mpima iliki uliyemsema, hata kama hukunikusudia. Ninakaa Muheza kwa shangazi yangu, ninamsaidia dukani jioni, na alfajiri ninapanda gari kuja mjini. Sina kompyuta mpakato, na maabara ya chuo hufungwa saa kumi na mbili jioni. Sijakataa zoezi, wala sijaomba lifutwe. Ninachoomba ni kwamba anayelipanga ajue kuwa tukikosa muda tunaiga. Wiki iliyopita niliona programu moja ikizunguka kwenye simu za wenzangu, na jina la kigezo lililokosewa herufi likabaki limekosewa vilevile katika kazi sita zilizorudishwa. Wote sita walipata alama zote.

Mfanyabiashara wa viungo, Muheza:
Mimi ndiye shangazi anayetajwa, na neno la iliki limenichoma. Ada ya mtoto huyu imetoka kwenye iliki na karafuu zinazoshuka kutoka Amani, na mwalimu anayeziona kuwa adui wa hisabati hajawahi kusimama mbele ya mizani yangu. Nilipoanza kazi hii, mnunuzi wetu alikuwa akisoma mizani na kutupa kila kilichozidi kilo kamili. Gunia la kilo 42 na gramu 700 aliliandika 42, la kilo 38 na gramu 400 aliliandika 38, na akatuambia tusigombee gramu. Kwa magunia 60, kwa wastani wa nusu kilo kila gunia, tulikuwa tunapoteza kilo 30 za iliki. Sikusoma chuo, lakini nilijua kwamba kosa likielemea upande mmoja kila mara halijifuti lenyewe, bali linalimbikizana. Niambie, mwalimu, hiyo si hisabati?

Mhandisi, Pongwe:
Alichokieleza mama ndiyo mada ya kwanza kabisa ya kozi hiyo. Kulikuwa na soko la hisa kule Kanada, nadhani la Toronto, lililokuwa likikata desimali za faharasa yake, yaani namba moja inayoonyesha hali ya bei za hisa kwa jumla, kila bei ilipobadilika badala ya kuikadiria hadi namba iliyo karibu zaidi, na kwa muda usiozidi miaka miwili faharasa ikapungua karibu nusu bila hisa zenyewe kushuka hivyo. Hata hivyo, sikubaliani na maswali ya mkono. Hapa kwetu linafika bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, na kijana anayetamani kazi ya mabomba atakutana na mlinganyo wa Colebrook wa mwaka 1939, ambamo kigezo cha msuguano kimekaa ndani ya logi (kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata namba fulani) na nje yake pia, kwa hiyo hupatikana kwa kukisia na kurudia. Hakuna ofisi inayofanya kazi hiyo kwa kalamu. Kumwekea mtu maswali matatu ya mkono kila wiki ni kumla usiku wake, na kama saa ni chache, hayo ndiyo ya kuondoa.

Mwalimu mstaafu, Raskazone:
Ni Vancouver, si Toronto. Faharasa ilianza Januari 1982 ikiwa 1000, na kufikia mwisho wa Novemba 1983 ilikuwa imefika kama 524, ilhali hesabu iliyosahihishwa ilitoa zaidi ya 1098. Nashukuru umeikumbusha, kwa sababu imenionyesha kwamba mama wa Muheza amesema kwa magunia yale yale niliyoyasema kwa chaki kwa miaka mingi. Mama, nilikosea kuitaja iliki kwa namna ile, na ninakuomba radhi. Lakini kwako, mhandisi, sirudi nyuma hata hatua moja. Programu humpa mwanafunzi namba, haimpi shaka. Aliyepita kwa mkono angalau mara tatu anajua jibu linatakiwa kuwa la ukubwa gani, na kompyuta ikimletea upuuzi anaukataa. Asiyepita huko huukubali, kwa kuwa umeandikwa kwa desimali kumi na tano.

Mfanyabiashara wa viungo, Muheza:
Radhi nimeipokea, mwalimu. Ila saa hujazijibu.

Mkazi wa Chumbageni:
Ndilo nililotaka kulisema. Hakuna aliyepinga kwamba zoezi lina faida, na sasa hata alama sizigombei tena. Ninagombea saa. Mwanangu huanza kazi hii baada ya chakula cha usiku, na mara mbili nimemkuta amelalia daftari, kikokotoo kikiwa kimejizima pembeni. Anasoma kozi tano. Kila mhadhiri akidai saa kumi na mbili, hizo ni saa 60 kwa wiki, naye ni binadamu anayehitaji kula na kulala. Maswali sita yangeweza kuwa matatu, moja la mkono na mawili ya programu juu ya mlinganyo ule ule, na kila mwanafunzi akapewa namba zake mwenyewe ili asiwe na cha kuiga.

Mhandisi, Pongwe:
Swali la mkono na la programu yakiwa juu ya mlinganyo mmoja, ninaondoa pingamizi langu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Shikamooni tena wazazi wangu, naomba msaada, maana zoezi la wiki hii ni huo huo mlinganyo wa Colebrook na kesho ni Alhamisi. Namba ya Reynolds, yaani kipimo cha jinsi kimiminika kinavyotiririka bombani, ni 100000, na ukwaru wa bomba ni 0.001 ya kipenyo. Natafuta kigezo cha msuguano. Kwa mkono nilianza na 0.02, nikapata 0.02229, kisha 0.02217, kisha ikatulia. Kwa programu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python kwenye simu, nilianza na 0.02 ile ile, nikapata 0.00420, kisha 0.00466, kisha 0.00462, nayo ikatulia. Zote mbili zimetulia vizuri. Nitajuaje ni ipi inayodanganya?

Mwalimu mstaafu, Raskazone:
Marahaba, mwanangu. Kutulia si ushahidi wa usahihi, kwa sababu mlinganyo uliokosewa nao una jibu lake, na hesabu huliendea kwa utulivu ule ule. Tazama hatua ya kwanza peke yake. Kwa mkono, kiasi kilichomo ndani ya logi ni kama 0.000448, na logi yake ni -3.349. Iambie programu ikuonyeshe logi ya kiasi hicho hicho. Ikikupa -7.711, igawe kwa -3.349 uone unapata nini.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Imenipa -7.711. Nikigawa ninapata 2.3025.

Mwalimu mstaafu, Raskazone:
Hiyo ni logi asilia ya 10, yaani logi inayotumia namba ya kama 2.718 badala ya 10, kwa hiyo programu yako ilitumia logi asilia. Mlinganyo wako unataka logi ya kizio cha 10, na kitufe cha kikokotoo kilikupa hiyo. Katika Python, neno log likiandikwa peke yake ni logi asilia, na kwa kizio cha 10 unaandika log10. Rekebisha mstari huo mmoja, kisha uendeshe programu upya kuanzia 0.02.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Ni saa sita na robo usiku. Imetoka 0.02229, kisha 0.02217, na sasa zinalingana hadi desimali ya tano. Ninanakili kwenye daftari, nitaiwahisha kwa gari la alfajiri.