Yuko kwenye warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kifua kimembana ghafla: moyo au umio?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, mgonjwa wa valvu ya chuma ya moyo, INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) 6, juu mno. Maumivu katikati ya kifua, hata mate hayamezeki, katema damu kidogo. ECG (umeme wa moyo) na troponini (kipimo cha damu cha moyo kuumia) safi. Nimpe aspirini?

Dk_Upanga: Usithubutu! Huenda damu imevilia ndani ya ukuta wa umio. Piga CT (picha ya skani) ya kifua yenye dawa ya kung'arisha mishipa, ikuonyeshe na aorta, mshipa mkuu wa damu, kama haijachanika. Huna mashine? Rufaa hospitali ya Muhimbili sasa hivi, kabla foleni ya Mbagala haijawakamata.

Mfamasia_Mkongwe: Warfarini isimame, asile, dripu. Vitamini K, inayozima nguvu ya warfarini, usimmiminie tu. Damu ikiganda kwenye valvu ni balaa jingine. Daktari wa moyo aamue.

Dk_Upanga: Na mpira wa puani msiusukume kibubusa, utatoboa umio. Damu hiyo mara nyingi hunywea yenyewe, wiki 1 hadi 3.