MREJESHO: Dawa ya fedha kwenye meno ya utotoni

Wakuu, niliuliza kwa nini meno ya utotoni yaliyopakwa floridi ya daiamini ya fedha ya 38% (dawa ya maji ya kusimamisha uozo wa meno) kliniki kwetu Mbarara yaliendelea kuoza. Majibu yenu na mafunzo ya Kampala yameonyesha tatizo: mate. Jino lisipokaushwa, dawa huzimuliwa kabla haijapenya. Sasa tunapaka vaselini midomoni na kwenye fizi, tunazungushia pamba, tunakausha, kisha dawa kwa brashi ndogo, dakika 1 nzima. Tone 1 hutosha hadi meno 5. Kurudia ni baada ya miezi 6. Jino linalouma lenyewe usiku au lenye jipu halifai kabisa kwa dawa hii! Na jamani, mzazi aonyeshwe picha ya weusi unaoachwa na dawa hii kabla hajakubali: doa la ngozi hufutika baada ya siku kadhaa, la kwenye uozo hubaki.