Wauza kompyuta used, "inawaka" sio kipimo! RAM mbovu imeniharibia VM zangu

Wakuu heshima kwenu, ila leo nimevurugwa na naandika nikiwa na hasira.

Kuna duka pale Kariakoo, jina siliweki, wanauza kompyuta za mezani used zile zilizotumika maofisini. Nikachukua moja ya Core i5 kizazi cha 8, nikawaambia waniwekee RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi) GB 32, vijiti vinne vya GB 8 DDR4, nikalipa hela yote na risiti nikapewa. Nilitaka niifanye seva ya geto, napiga Proxmox (mfumo wa kuendesha kompyuta nyingi za kufikirika ndani ya moja) halafu juu yake naweka VM, yaani hizo kompyuta za kufikirika, za Debian, Ubuntu Server na Windows Server, maana kuna madogo wawili hapa mtaani wanasoma IT na hawana laptop, wangekuwa wanaingia humo wanafanya mazoezi bila kuomba omba mashine za watu.

Proxmox ikaingia bila shida, VM ya kwanza ndogo ya GB 2 ikaingia bila shida. Nikaja kwenye Ubuntu Server nikaipa GB 8, ikafika katikati ikagoma, inasema imeshindwa kusoma squashfs (faili lililobanwa lenye mfumo wenyewe). Narudia, inapita pale ilipogomea mwanzo inaenda kufia kwenye kuweka pakeji. Narudia tena inamaliza kabisa, naiwasha, inanitupa kwenye initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia) na fsck, kikaguzi cha mafaili, inalalamika mafaili mabovu kibao. Windows Server ndio usiseme, inakubali vizuri halafu baadaye skrini ya bluu imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT. Kila safari erori mpya, sehemu mpya, hujui ushike wapi.

Sasa ukiuliza kwenye magrupu jibu ni moja tu, "mkuu ISO yako imekorapti shusha upya". ISO ni lile faili zima la kuwekea mfumo, jamani mnajua bando ni shilingi ngapi? ISO ya Ubuntu Server inapita GB 2, ya Windows Server inakaribia GB 5, mtu anakwambia shusha upya kama vile anakununulia yeye, na hajakuuliza hata swali moja! Mwingine anasema Proxmox ni mbovu hamia kwingine. Mwingine umeme. Umeme ukikatika unaharibu kile kilichokuwa kinaandikwa muda huo, kwa kawaida hauharibu faili ambalo linasomwa tu, na UPS ninayo. Diski nayo nimeipima kwa programu ya smartctl haina sekta mbovu, kwa hiyo tafadhali msinirudishe huko.

Kilichowaumbua ni hiki. Nilichukua ISO iliyoko kwenye seva nikapiga sha256sum (inatoa namba ya utambulisho wa faili, biti moja ikibadilika namba inabadilika), namba ikagoma kufanana na ya kwenye tovuti ya waliotoa hiyo ISO. Nikasafisha kache ya keneli (nakala ambayo kiini cha mfumo kinaiweka kwenye RAM) ili ilazimike kusoma upya kutoka kwenye diski, nikapiga tena faili lile lile sijaligusa, ikaja namba nyingine kabisa! Tena, nyingine! ISO hiyo hiyo kwenye laptop namba inakuja sawa kila ukipiga. Faili lililolala kwenye diski halibadiliki lenyewe kila ukilisoma, kinachobadilisha ni njia linapopita, na mshukiwa wa kwanza kwenye njia hiyo ni RAM.

Nikaweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi nikawasha nayo, ni bure na ni MB chache tu, skrini ikajaa mistari myekundu. Nikachomoa vyote nikapima kimoja kimoja, vitatu safi, kimoja kibovu hata ukikihamishia sloti gani. Ndio maana VM ndogo ilipona, ilikuwa haijafika kwenye eneo bovu, ila ukifungua ya GB 8 ni rahisi zaidi data ikanyage pale. Na kila ukiwasha upya keneli inapanga vitu sehemu tofauti, leo pameangukia pakeji, kesho pameangukia faili la mfumo, erori zinahama wewe unadhani una matatizo kumi.

Na hizi kompyuta za mezani RAM zake sio za ECC (zile zinazogundua na kusahihisha makosa yake), biti ikigeuka mashine haijui, inaendelea na kazi. Hata wale mnaosema weka ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili unaoipigia kila data hesabu ya kuihakiki), ZFS inakamata data ikiharibikia kwenye diski, lakini ikiharibikia kwenye RAM kabla haijapigiwa hesabu yake, inaandikwa uchafu na muhuri juu. Kwa hiyo hata bekapu zote nilizochukua na hiyo mashine siziamini tena, zimepita kwenye kijiti hicho hicho. Mazoezi ya wale madogo yamo humo humo, nitawaambia nini?

Nimerudi dukani na picha za skrini, jamaa wa kaunta akachomeka kile kijiti kwenye mashine yake, ikawaka, ikasoma GB 8, akanigeuzia skrini "si hii hapa inawaka bro, tatizo ni hizo programu zako". Halafu ananionyesha karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kusoma GB 8 ni kijiti kimetaja saizi yake tu, kuna kichipu kidogo pale kazi yake ni kutaja saizi na spidi, hakijui kama seli zinashika data au hazishiki! Na Windows ikifunguka tupu inakula GB tatu nne, hizo nyingine nani kazigusa? Wanaona kabisa mteja hana cha kupimia wanakuuzia tu. Kupima GB 32 ni masaa kadhaa, unaacha mashine usiku dukani asubuhi unakuta jibu, hata mtu wa kuikalia haihitajiki, na hawafanyi!

Ninachotaka ni kijiti kizima au hela ya kijiti, basi. Sitaki kuambiwa ninunue kingine kwa "bei ya mteja wetu".

Na nyie mnaonunua wiki hii, nendeni na fleshi yenye Memtest86+, muulizeni muuzaji kabla hujatoa hela, mbele yake, kijiti kikitoa erori ndani ya siku saba nabadilishiwa au hapana, na aandike kwenye risiti. Akikataa kuandika ondoka.

Kuna mtu humu aliwahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani akasikilizwa? Ulianzia wapi na walitaka vielelezo gani? Risiti ninayo, picha ninazo, na kijiti chenyewe nimekiweka kwenye bahasha.